Nazareti Kabla ya Makanisa: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Katika toleo lililopita tuliandika, kwa kupitia tu, kwamba kuwapo kwa kijiji cha Nazareti katika karne ya 1 si jambo linalowatatiza tena wanaakiolojia waliochimba huko. Sentensi ile moja imetuletea barua nyingi kuliko makala yote iliyoizunguka. Wako waliokasirika kwamba tumelizungumzia jambo hilo kana kwamba lilihitaji kuthibitishwa, na wako waliokasirika kwamba tumelitangaza kuwa limekwisha kuthibitishwa. Tumechagua barua saba, tukazifupisha, na kuzijibu kwa utaratibu tuliodhani utamfaa msomaji, si kwa utaratibu wa kufika kwake mezani.

Ndugu Mhariri, ninasoma historia chuoni. Nimekutana na hoja kwamba Nazareti ni jina la kubuni, kwa sababu halimo katika Agano la Kale, halimo katika vitabu vya Flavius Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, wala halimo katika Talmudi. Kijiji ambacho hakuna aliyekitaja kilikuwaje kijiji? — Mwanafunzi wa historia

Hoja hiyo imejengwa juu ya mambo ya kweli, na ndiyo maana haifai kupuuzwa. Kitabu cha Yoshua, sura ya 19, kinaorodhesha miji ya kabila la Zabuloni na kuitaja Yafia, ambayo iko umbali wa takriban kilomita 3 kutoka Nazareti, lakini Nazareti yenyewe hakiitaji. Josephus, aliyekuwa jemadari wa Wayahudi katika Galilaya vita dhidi ya Warumi vilipoanza mwaka 66 B.K., anaieleza Yafia hiyo hiyo kuwa kijiji kikubwa kuliko vyote vya Galilaya, anajisifu kwa kuiimarishia kuta, na anasimulia kwa kirefu jinsi ilivyotekwa mwaka uliofuata. Kuhusu jirani yake wa upande wa pili wa kilima hasemi neno.

Lakini kabla ya kukifanya kimya hicho kuwa ushahidi, ni lazima tujiulize kwanza kama tulikuwa na sababu ya kutarajia sauti. Josephus mwenyewe anasema kwamba Galilaya ilikuwa na miji na vijiji 204, na katika vitabu vyake vyote amevitaja kwa majina sehemu ndogo tu ya hivyo. Alikuwa akiandika habari za vita, na katika habari za vita kijiji huingia kwa sababu kina ukuta wa kuzingirwa, au ghala la kuporwa, au mkuu wa kuasi. Kijiji kisicho na kimojawapo cha hivyo hupitwa. Isitoshe, mwandishi huyo huyo anadai kwamba hata kijiji kidogo kabisa cha Galilaya kilikuwa na wakazi zaidi ya 15,000, jambo lisilowezekana kwa nchi ndogo kiasi kile, kwa hiyo si vyema kumsoma kama karani wa sensa. Talmudi nayo ni mkusanyiko wa mijadala ya sheria uliokamilishwa karne kadhaa baadaye, na mahali hutajwa humo pale tu jina lake linapogusa hoja fulani ya sheria au jina la mwalimu fulani. Orodha ya Yoshua, kwa upande wake, inahusu zama za mbali mno na hizi tunazozizungumzia.

Tuongeze jambo moja ambalo wapinzani hulisahau. Katika Injili ya Yohana, Nathanaeli anaposikia kwamba Masihi ametoka Nazareti, haulizi Nazareti iko wapi. Anauliza kama jambo jema linaweza kutoka huko. Ukitaka kumbunia mtu wako kwao, unamtafutia mahali penye sifa, na Bethlehemu ilikuwapo tayari ikiwa na unabii wake. Hata hivyo hoja hii ni ya kiakili tu, na jembe la mwanaakiolojia lina mengi zaidi ya kusema.

Mimi ni mwalimu wa watoto kanisani. Je, jina Nazareti limewahi kupatikana katika maandishi ya kale yasiyo ya Kikristo? — Mwalimu wa shule ya Jumapili

Limepatikana, tena mahali ambapo hakuna aliyekuwa akilitafuta. Mwaka 1962 timu ya Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu, ikiongozwa na Michael Avi-Yonah, ilikuwa ikichimba magofu ya Kaisaria, mji wa bandari wa Warumi kwenye pwani ya Mediterania, ikaokota vipande vya bamba la marumaru ya kijivu vyenye maandishi ya Kiebrania. Kipande kinachotuhusu hakizidi sana kiganja cha mtu mzima kilichokunjuliwa, na mistari yake imekatika kushoto na kulia, hata ukikitazama bila kuelezwa utadhani ni kifusi tu. Kilisomeka kwa sababu bamba zima lilikuwa orodha ya jambo linalojulikana: zamu 24 za makuhani, zile zile za Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 24, kila zamu ikiandikwa pamoja na makazi yake ya Galilaya ambako inasemekana ilihamia baada ya Yerusalemu kuharibiwa. Zamu ya 18, ya Hapisesi, imepangwa Nazareti. Tenzi za ibada za sinagogi zilizotungwa karne kadhaa baadaye zinairudia orodha hiyo hiyo, na ndizo zilizowasaidia wasomi kujaza mapengo ya jiwe.

Bamba hilo ni la karne ya 3 au ya 4, kwa hiyo haliwezi peke yake kushuhudia siku za Herode Antipa, mtawala wa Galilaya wakati wa Yesu. Linachoonyesha ni kwamba Wayahudi wenyewe waliihesabu Nazareti kuwa makazi yanayomfaa kuhani, mtu ambaye sheria za utakaso zilimbana kuliko wengine. Liliondoa pia ubishi wa tahajia. Injili zilizoandikwa kwa Kigiriki hutumia herufi ya sauti ya z, na wako waliodai kwamba jina hilo haliwezi kuwa moja na neno la Kiebrania lenye herufi ya tsade, yenye sauti ya ts, ambalo mzizi wake unafanana na ule wa neno la chipukizi katika Isaya 11:1. Kwenye jiwe la Kaisaria jina limeandikwa kwa tsade, bila shaka yoyote.

Mapema zaidi, yapata mwaka 200, Julius Africanus alikitaja kijiji cha Wayahudi kiitwacho Nazara, na maneno yake yamehifadhiwa na Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa. Lakini Africanus alikuwa Mkristo, na mwalimu wetu ametuwekea sharti.

Mnasema "wachimbaji wamegundua". Wamegundua nini hasa? Nimechoka na maneno ya jumla. — Msomaji wa muda mrefu

Umetuonya kwa haki. Tuanze mwaka 1955, wakati kanisa la zamani lilipobomolewa ili kupisha ujenzi wa Basilika ya Kupashwa Habari, ile inayoonekana leo, na Padre Bellarmino Bagatti wa shirika la Wafransisko akapewa nafasi ya kuchimba kabla ya misingi mipya kumwagwa. Alichokuta chini ya makanisa ya zama mbalimbali ni kazi ya wakulima. Mwamba wa Nazareti ni wa chokaa laini, unaochongeka bila taabu kubwa, na wenyeji walikuwa wameutoboa kila mahali: mashimo ya kuhifadhia nafaka yenye umbo la chupa, mdomo mwembamba na tumbo pana, baadhi yake yakichongwa moja chini ya jingine, visima vya kukusanyia maji ya mvua, shinikizo la zabibu, sehemu za kukamulia mafuta ya zeituni, na mapango yaliyounganishwa na vyumba vya nyumba vilivyojengwa mbele yake. Hakuna jumba, hakuna sakafu ya mawe ya rangi, hakuna barabara iliyotandikwa mawe.

Kazi ya Bagatti ina kasoro, na wakosoaji wake hawakosei kuzitaja. Alichimba mahali patakatifu palipokuwa pamekwisha kuvurugwa na wajenzi wa Kibizanti na wa enzi za Vita vya Msalaba, na vigae vingi alivyoviokota vilitoka kwenye mashimo yaliyojaa taka za karne mchanganyiko. Shimo la nafaka halina tarehe. Lina tarehe ya mwisho ya kujazwa kifusi. Kwa sababu hiyo, mtu akikuambia kwamba mashimo yale peke yake yanathibitisha kijiji cha siku za Yesu, mwombe apunguze sauti kidogo.

Hali ilibadilika Desemba 2009. Karibu kabisa na Basilika, kwenye kiwanja kilichokuwa kikitayarishwa kwa ajili ya kituo cha wageni, Yardenna Alexandre wa Mamlaka ya Mambo ya Kale ya Israeli alifukua mabaki ya nyumba ya kawaida ya kipindi cha mwanzo cha utawala wa Kirumi: vyumba viwili, ua, na kisima cha kukusanyia maji ya mvua yaliyotiririka kutoka paani. Vigae vilikuwa vichache, vya karne ya 1 na ya 2, pamoja na vipande vya vyombo vya jiwe laini la chaki. Havikuwapo vyombo vya kioo wala bidhaa za kutoka nje, na Alexandre akahitimisha kwamba wakazi walikuwa familia ya Kiyahudi ya maisha ya kawaida.

Kuna kitu kimoja kwenye nyumba ile ambacho mimi hukirudia kila ninaposoma habari zake. Ni shimo lililochongwa mwambani, ambalo mlango wake ulifichwa kwa makusudi, lenye nafasi ya watu wachache tu kujibana. Wachimbaji walipendekeza kwamba lilitayarishwa kuwa maficho wakati majeshi ya Kirumi yalipoingia Galilaya mwaka 67. Ukikumbuka kwamba Yafia iko kilomita 3 tu kutoka hapo, na kwamba Josephus anahesabu wafu 15,000 na mateka 2,130 siku ilipotekwa, basi hata ukizigawa tarakimu zake kwa kumi unaweza kuelewa kwa nini mwenye nyumba alitoboa sakafu yake. Maelezo hayo ni dhana, lakini ni dhana inayoendana na shimo.

Vyombo vya chaki navyo vinastahili maneno machache, kwa kuwa ndivyo vinavyotufahamisha wakazi walikuwa akina nani. Mambo ya Walawi 11:33 inaagiza kwamba chombo cha udongo kikiingiwa na kitu najisi kivunjwe, na walimu wa sheria walishikilia kwamba jiwe halipokei unajisi. Kwa familia isiyo na uwezo wa kuvunja mitungi kila mara, kikombe cha jiwe kilikuwa uwekezaji wa maana. Vyombo hivyo vilitengenezwa kwa wingi katika karne ya 1, na huko Reina, kijiji jirani cha Nazareti, Yonatan Adler wa Chuo Kikuu cha Ariel alichimba mwaka 2017 karakana iliyokuwa imechongwa ndani ya pango, ikiwa na maelfu ya viini vya chaki vilivyotupwa baada ya matumbo ya vikombe kukerezwa. Mitungi sita ya mawe ya arusi ya Kana, katika Yohana 2:6, ni ya tabia hiyo hiyo.

Nje kidogo ya kijiji, yapata nusu kilomita, uchunguzi ulioanza mwaka 1997 ulifichua matuta ya kilimo, minara ya ulinzi wa shamba na shinikizo la zabibu lililochongwa kwenye mwamba. Na bondeni, kati ya Nazareti na Sepphoris, mji mkuu wa Antipa uliokuwa kilomita 6 hivi kaskazini-magharibi, Ken Dark wa Chuo Kikuu cha Reading alitembea mashambani na timu yake wakikusanya vigae vya juu ya ardhi. Waligundua kwamba mashamba ya upande wa Sepphoris yalikuwa na vyombo vya kuagiza kutoka ulimwengu wa Kirumi, ilhali yale ya upande wa Nazareti yalikuwa na vyombo vya Wayahudi wa Galilaya peke yake. Dark anaona hapo mpaka wa kitamaduni, watu waliochagua kuupa kisogo mji. Huenda ni kweli. Huenda pia, kwa maoni yangu, umaskini ulichangia zaidi ya uchaji.

Nimesoma kwamba kuna makaburi ya kale katikati ya eneo linalodaiwa kuwa kijiji. Wayahudi hawakuzika kati ya nyumba zao. Je, hilo haliangushi hoja yote? — Mwanasheria mstaafu

Hili ndilo swali zito kuliko yote tuliyopokea, na linastahili jibu la hatua kwa hatua.

Makaburi yapo, zaidi ya 20 yakiwa yametambuliwa kwa miaka mingi. Mengi ni ya aina inayoitwa kokhimu, yaani chumba kilichochongwa mwambani chenye mashimo marefu yanayoingia ukutani kama matanuri ya mkate, kila shimo likitosha maiti moja. Sheria ya Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za walimu wa Kiyahudi, inaamuru kaburi liwe umbali wa dhiraa 50 kutoka mji. Ukiyaweka makaburi hayo kwenye ramani, mengi yanakaa pembeni, na wanaakiolojia huyatumia kama uzi wa kuchorea mipaka ya kijiji. Lakini ni kweli kwamba machache yako ndani ya eneo ambalo nyumba zimepatikana.

Ndugu mwanasheria atakubali kwamba mashahidi wawili hawapingani ikiwa mmoja anazungumzia asubuhi na mwingine jioni. Dhiraa 50 ni kama mita 25, umbali mfupi sana kwenye mteremko wa kilima. Zaidi ya hapo, kijiji si kitu kisichosogea: nyumba huachwa, kiwanja hugeuka machimbo ya mawe, kisha machimbo hugeuka makaburi. Mfuatano huo hasa ndio uliosomwa kwenye tabaka za konventi ya Masista wa Nazareti, tutakayoizungumzia katika barua inayofuata, ambako kaburi limekata sehemu ya nyumba iliyokuwa imekwisha kuhamwa. Anayezika juu ya gofu la nyumba havunji sheria ya kuzika kati ya walio hai.

Wakosoaji huongeza kwamba makaburi ya kokhimu, ingawa yalizoeleka Yerusalemu mapema, hayakuenea Galilaya mpaka karne ya 1 ilipokuwa imesonga, na kwamba taa za udongo zilizopatikana ndani yake ziliendelea kutumika hadi karne ya 2. Hayo yakikubaliwa yote, yanatufundisha lini watu wa Nazareti walianza kumudu gharama ya kuchonga mwamba kwa ajili ya wafu wao. Familia isiyomudu ilimzika mtu wake kwenye handaki la udongo, na handaki la aina hiyo, baada ya miaka 2,000 ya kulima na kujenga, haliachi kitu. Tarehe ya kaburi la kwanza la mwambani si tarehe ya mkazi wa kwanza.

Televisheni ilitangaza kwamba nyumba alimokulia Yesu imepatikana. Je, ni kweli? — Mama wa nyumbani

Nyumba imepatikana. Kwamba ni yake, hakuna chochote ndani yake kinachosema hivyo.

Habari yenyewe ni hii. Katika miaka ya 1880, masista wa konventi iliyo karibu na Basilika walikuta kwa bahati nafasi tupu chini ya kiwanja chao, wakaanza kuchimba wenyewe pamoja na vibarua na watoto wa shule yao, na kwa miaka mingi wakawa wakiwaonyesha wageni vyumba vya chini ya ardhi. Baadaye padre Mjesuiti, Henri Senès, aliyekuwa msanifu majengo kabla ya kuingia shirika, alichora kwa uangalifu mkubwa kila ukuta, lakini kazi yake haikuchapishwa kwa ukamilifu. Kuanzia mwaka 2006 Ken Dark alizipitia karatasi hizo na kupima upya magofu. Alitambua nyumba ya karne ya 1, sehemu yake ikiwa imechongwa kwenye mwamba na sehemu imejengwa kwa mawe, yenye mlango ambao bado unaweza kusimama mbele yake. Juu ya nyumba hiyo, baada ya machimbo na makaburi, Wabizanti walijenga kanisa kubwa.

Mwishoni mwa karne ya 7 Adomnán, abati wa kisiwa cha Iona, aliandika maelezo ya Nchi Takatifu aliyoyapata kwa msafiri, akataja makanisa mawili makubwa ya Nazareti, moja likisimama mahali palipoaminiwa kuwa nyumba aliyolelewa Yesu. Dark anaona kwamba kanisa la masista linalingana na maelezo hayo. Ikiwa ni hivyo, tunajua kile Wabizanti walichokiamini. Kati ya imani hiyo na mtoto mwenyewe kuna karne kadhaa, na Dark ameandika wazi kwamba akiolojia haiwezi kuithibitisha wala kuikanusha. Vichwa vya habari vilikuwa vya wengine.

Katika mahubiri yangu hutumia maandishi ya marumaru yanayoitwa "Maandishi ya Nazareti", ambayo Kaisari anakataza wizi wa maiti, kuwa ushahidi wa kijiji na wa Ufufuo. Je, niendelee? — Mchungaji

Kwa heshima yote, Mchungaji, tungekushauri uyaache. Bamba hilo lenye mistari 22 ya Kigiriki lilikuwa mali ya mkusanyaji wa Paris, Wilhelm Froehner, ambaye alijiandikia kwamba lilitumwa kutoka Nazareti mwaka 1878. Baada ya yeye kufariki liliingia katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, na Franz Cumont akalichapisha mwaka 1930. Ni kweli kwamba linatishia adhabu ya kifo kwa anayevunja makaburi na kuhamisha waliozikwa. Lakini neno la Froehner ni "lilitumwa", si "lilichimbuliwa", na Nazareti ya karne ya 19 ilikuwa mahali ambapo vitu vya kale vilinunuliwa na kusafirishwa.

Mwaka 2020 Kyle Harper na wenzake walichapisha matokeo ya kupima uwiano wa isotopu (atomi za aina moja zinazotofautiana uzito) za kaboni na oksijeni katika marumaru hiyo. Jiwe lilitoka machimbo ya kisiwa cha Kos, katika bahari ya Aegea. Watafiti hao wanapendekeza kwamba amri ilitokana na kisa cha Nikias, mtawala wa mabavu wa kisiwa hicho, ambaye wananchi walilivunja kaburi lake na kuutoa mwili wake nje, miongo mitatu hivi kabla ya Yesu kuzaliwa. Pendekezo la Nikias linaweza kujadiliwa. Kemia ya jiwe ni ngumu zaidi kubishana nayo.

Sinagogi ya Luka 4, ambamo Yesu aliwakasirisha watu wa kwao, iko wapi? Na genge walilotaka kumtupa? — Kijana wa kwaya

Kwa genge, mahujaji hupelekwa kwenye kilima kinachochungulia bonde la Yezreeli, zaidi ya kilomita 2 kusini mwa kijiji cha kale, umbali mrefu kwa kundi lenye hasira linalomsukuma mtu mbele yake. Ndani ya Nazareti yenyewe, iliyojengwa mteremkoni kwenye kimo cha mita 350 hivi, hazikosekani kingo za mwamba zinazotosha kumdhuru mtu.

Sinagogi ya karne ya 1 haijapatikana. Jengo wanaloonyeshwa wageni kwa jina hilo ni la zama za kati. Galilaya na maeneo jirani yametupa sinagogi za wakati huo, Gamla na tangu 2009 Magdala, lakini hizo zilikuwa jumuiya kubwa zaidi. Wakati wa ugunduzi wa 2009 Nazareti ilikadiriwa kuwa na nyumba zipatazo 50 kwenye eneo la hektari 1.6 hivi, na ingawa Dark anaona ilikuwa kubwa zaidi ya hapo, watu wa idadi hiyo waliweza kukutana kwenye chumba kikubwa kisichotofautiana na vyumba vingine. Hata kama palikuwa na jengo maalumu, juu yake leo umesimama mji wenye wakazi zaidi ya 70,000, wenye misikiti, makanisa, masoko na nyumba zilizobanana hadi mteremkoni. Hakuna anayeweza kuubomoa ili atazame chini. Kinachowezekana ni kile kilichotokea mwaka 2009: mtu anataka kujenga, sheria ya mambo ya kale inamtaka awapishe kwanza wachunguzi, na kwa wiki chache, kati ya kuondolewa kwa lami na kumwagwa kwa zege, mwamba unaonekana.